Sarah Maldoror

Sarah Maldoror (jina la kuzaliwa Sarah Ducados, 19 Julai 1929 – 13 Aprili 2020) alikuwa mwongozaji wa filamu wa Ufaransa mwenye asili ya Guadeloupe, na mmoja wa wanawake wa kwanza kutengeneza filamu ndefu barani Afrika. Filamu yake inayojulikana zaidi ni Sambizanga (1972), inayohusu mwanzo wa vita vya ukombozi nchini Angola. Katika maisha yake alitengeneza filamu zaidi ya 40, fupi na ndefu, nyingi zikiwa za hali halisi.

Watunzi wa historia ya sinema hupata taabu kumtafutia nchi. Wapo wanaomweka Ufaransa alikozaliwa, wapo wanaomweka katika visiwa vya Karibi alikotoka baba yake, na wengi humhesabu kuwa mama wa sinema ya Angola, ingawa filamu zake mbili za Angola hazikupigwa Angola: moja ilipigwa Algeria, nyingine Kongo-Brazzaville. Mwenyewe hakuonekana kusumbuliwa na jambo hilo. Alifanya kazi palipokuwa na harakati, na harakati zenyewe hazikukaa mahali pamoja.

Kuzaliwa na jina

Alizaliwa Condom, mji mdogo wa mkoa wa Gers kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mama yake alikuwa Mfaransa wa huko huko Gers. Baba yake alitoka Marie-Galante, kisiwa kidogo kilicho chini ya Guadeloupe. Alipofika Paris na kuingia katika sanaa aliliacha jina la Ducados akajiita Maldoror, jina la mhusika mkuu wa Les Chants de Maldoror, kitabu cha karne ya 19 cha Isidore Ducasse, aliyejulikana kama Lautréamont. Maldoror wa kitabuni ni muasi asiyemstahi Mungu wala binadamu, na washairi wa usurrealisti walimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Kwa msichana mweusi wa Ufaransa ya wakati ule, kujipachika jina kama hilo kulikuwa tangazo la vita.

Les Griots

Paris ya miaka ya 1950 ilikuwa makutano ya wasomi weusi. Jarida na duka la vitabu la Présence Africaine, lililoanzishwa na Alioune Diop wa Senegal, liliwaleta pamoja waandishi wa Afrika na wa Karibi, na Maldoror akawa mmoja wa waliozunguka hapo. Kwenye majukwaa ya maigizo mambo yalikuwa mengine. Mwigizaji mweusi alipewa nafasi ya kijakazi au ya mtumishi anayepita na sinia, basi. Mwishoni mwa muongo huo Maldoror aliungana na Toto Bissainthe wa Haiti, Timité Bassori wa Côte d'Ivoire na Ababacar Samb Makharam wa Senegal wakaunda kikundi chao, Les Griots, kwa jina la wale malenga wa Afrika Magharibi wanaorithishana historia kwa mdomo. Kilikuwa kikundi cha kwanza cha maigizo cha watu weusi pekee mjini Paris. Mwaka 1959 waliigiza Les Nègres ya Jean Genet chini ya uongozaji wa Roger Blin, tamthilia iliyoufanya mji mzima uwazungumzie.

Kikundi hicho kilizaa watengenezaji filamu zaidi ya mmoja, maana Bassori na Makharam nao walikuja kuwa waongozaji katika nchi zao. Maldoror alikuwa na sababu yake ya kuliacha jukwaa, na aliirudia mara nyingi katika mahojiano: watu aliotaka kuzungumza nao barani Afrika wengi hawakujua kusoma, wala wasingefika kamwe kwenye ukumbi wa maigizo wa Paris. Sinema ingewafuata walipo.

Moscow, Algiers na Mário de Andrade

Alipata nafasi ya kusoma sinema Moscow mwaka 1961, akiwa mwanafunzi wa mwongozaji wa Kisovieti Mark Donskoi. Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye baadaye aliitwa baba wa sinema ya Afrika, alikuwa huko huko wakati huo, chini ya mwalimu yule yule.

Mwenzi wake wa maisha alikuwa Mário Pinto de Andrade, mshairi na mhakiki wa Angola aliyefanya kazi Présence Africaine na kuwa rais wa kwanza wa MPLA, chama cha ukombozi cha Angola. Walizaa mabinti wawili, Annouchka na Henda. Andrade alikuwa pia kiongozi wa CONCP, muungano wa vyama vya ukombozi vya makoloni ya Ureno uliozaliwa Casablanca mwaka 1961 na kufanya mkutano wake wa pili Dar es Salaam mwaka 1965, pale ambapo FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa na makao yake. Maisha ya familia yalifuata ramani ya vyama hivyo: Moscow, Guinea, Morocco, kisha Algeria.

Ni kosa, hata hivyo, kumsoma Maldoror kama mke wa kiongozi aliyepewa kamera. Alikuwa na taaluma kabla hajaingia katika siasa za Angola, na alipoingia alibishana na wanasiasa, pamoja na wale wa upande wake. Algiers, iliyokuwa imejaa wapigania uhuru wa kila bara, ilikuwa shule yake ya pili. Alikuwa msaidizi wa Gillo Pontecorvo katika The Battle of Algiers (1966), na akashiriki katika filamu ya William Klein kuhusu tamasha la utamaduni wa Afrika nzima lililofanyika Algiers mwaka 1969.

Monangambée

Filamu yake ya kwanza, Monangambée, aliipiga Algeria mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni ya dakika zisizofika 20, nyeusi na nyeupe, na waigizaji wake wengi hawakuwa wa kazi hiyo. Kisa alikitoa katika hadithi ya José Luandino Vieira, mwandishi Mwangola mweupe ambaye wakati huo alikuwa amefungwa na Wareno katika gereza la Tarrafal, Cape Verde.

Kisa chenyewe ni chepesi, na uchungu wake umo humo humo. Mwanamke anamtembelea mumewe gerezani na kumwahidi kwamba safari ijayo atamletea "fato completo". Kwa Kireno cha Lisbon hiyo ni suti kamili. Askari wanayanasa maneno hayo na kutia shaka: mfungwa suti ya nini, kama si ya kufichia barua? Wanamtesa mtu huyo ili aseme mpango uliopo. Kumbe katika mitaa ya maskini ya Luanda jina hilo ni la chakula: samaki, maharage ya mafuta ya mawese na ndizi. Mkoloni ametawala nchi kwa karne nyingi na hajui watu wake wanakula nini. Maldoror haelezi hayo kwa hotuba. Anaonyesha miili, kuta na kimya, na chini yake muziki wa Art Ensemble of Chicago, jazi isiyotulia, inayokwaruza.

Filamu iliyopotea

Mwaka 1970 alikwenda Guinea-Bissau, katika maeneo yaliyokombolewa na PAIGC, chama cha ukombozi cha Amílcar Cabral, kupiga filamu ndefu iliyoitwa Des fusils pour Banta. Mhusika mkuu alikuwa Awa, mwanamke wa kijijini anayeingia katika mapambano. Fedha zilitoka katika jeshi la Algeria. Waliporudi Algiers, Maldoror alizozana na maofisa wa jeshi juu ya uhariri. Mikanda ilichukuliwa, na yeye akafukuzwa nchini. Filamu hiyo haijawahi kuonekana. Zilizosalia ni picha za mnato zilizopigwa wakati wa kazi, na kwa picha hizo msanii Mathieu Kleyebe Abonnenc alitengeneza kazi yake ya mwaka 2011 kuhusu filamu isiyokuwepo.

Sambizanga

Baada ya hasara ile wengi wangekata tamaa. Miaka miwili baadaye Maldoror alikuwa Kongo-Brazzaville akipiga Sambizanga, iliyotokana na riwaya fupi nyingine ya Luandino Vieira. Mswada uliandikwa na Maurice Pons na Andrade pamoja na Maldoror mwenyewe. Waigizaji wengi walikuwa wanachama wa MPLA na PAIGC. Nafasi ya Maria ilichukuliwa na Elisa Andrade, mchumi kutoka Cape Verde, na ya mumewe, Domingos Xavier, na Domingos de Oliveira, Mwangola aliyekuwa akiishi Kongo.

Sambizanga ni mtaa wa Luanda unaohusishwa na mashambulizi ya 4 Februari 1961 dhidi ya magereza ya mji huo, tarehe ambayo Angola huihesabu kuwa mwanzo wa vita vya uhuru. Filamu inasimulia siku zilizotangulia. Domingos, dereva wa trekta, ni mwanachama wa siri. PIDE, polisi wa siri wa Ureno, wanamkamata nyumbani na kumpeleka Luanda, ambako wanamtesa ili amtaje Mreno anayeshirikiana na wanaharakati. Hasemi, na anakufa mikononi mwao.

Lakini kamera haikai na Domingos. Inakwenda na Maria. Anamfunga mtoto mgongoni na kushika njia kuelekea mjini. Tunamwona akitembea, mbali na tena mbali, kwa muda ambao mwongozaji mwingine angeukata kwa mkasi na kuturukisha hadi kituo cha polisi. Anafika ofisi ya kwanza: hayupo hapa, nenda kule. Anakwenda kule: hayupo. Aliyewahi kufuatilia mtu wake kwenye madawati ya serikali anaijua sauti ile ya karani asiyeinua uso. Huku na huku, habari nazo zinatembea kwa miguu yao: mvulana amemwona mfungwa akishushwa, anamwambia mzee, mzee anampelekea habari fundi cherehani, ambaye ni mwalimu wa siasa wa mtaa. Hivyo ndivyo tunavyouona mtandao wa siri ukifanya kazi, mlango kwa mlango, bila bunduki hata moja. Domingos anapokufa, wafungwa wenzake wanamzunguka na kumwimbia. Maria anapopata habari, wanawake wa mtaa ndio wanaompokea.

Sambizanga ilipata Tanit ya Dhahabu katika tamasha la Carthage, Tunisia, mwaka 1972, tuzo iliyogawanywa kati yake na Les Dupes ya Mmisri Tewfik Saleh. Nchini Ureno filamu hiyo haikuweza kuonyeshwa mpaka utawala wa kidikteta ulipopinduliwa Aprili 1974.

Walikuwepo walioilaumu. Baadhi ya wanaharakati walitaka vita na walipewa mwanamke anayetembea; wengine walisema rangi zake zimependeza mno kwa habari ya mateso. Lawama hizo zimezeeka vibaya. Filamu nyingi za propaganda za wakati ule zimebaki kuwa kumbukumbu za vyama, na Sambizanga bado inatazamwa, kwa sehemu kubwa kwa sababu Maldoror aliona kwamba ukoloni ulikaa jikoni na barabarani kabla ya kufika uwanja wa mapigano, na kwamba waliobaki nyumbani nao walikuwa vitani.

Ufaransa na filamu za hali halisi

Uhuru wa Angola ulipokuja mwaka 1975, Andrade alikuwa amekwisha kutofautiana na Agostinho Neto, kiongozi wa MPLA, na hakuwa na nafasi katika nchi mpya. Alifanya kazi Guinea-Bissau, na akafariki London mwaka 1990. Maldoror aliweka makazi Saint-Denis, kaskazini mwa Paris. Hakupata tena nafasi ya kutengeneza filamu ya ukubwa wa Sambizanga kwa ajili ya majumba ya sinema. Alifanya kazi kwa bajeti ndogo, aghalabu za televisheni. Alipiga sherehe za kanivali za Bissau na kisiwa cha Fogo huko Cape Verde, akatengeneza filamu kuhusu mchoraji Wifredo Lam wa Cuba, mshairi Léon Damas wa Guyana ya Ufaransa, na rafiki yake wa Les Griots, Toto Bissainthe.

Aliyemrudia zaidi ni Aimé Césaire, mshairi na meya wa Fort-de-France, Martinique. Filamu ya mwaka 1978 iliyotokana na tamthilia ya Césaire, Et les chiens se taisaient, ilipigwa ndani ya ghala la makumbusho ya Musée de l'Homme mjini Paris. Muasi na mama yake, ambaye Maldoror alimwigiza mwenyewe, wanajibizana katikati ya vinyago vya Afrika vilivyopangwa kwenye rafu. Ubishi wa leo kuhusu kurudishwa kwa mali za sanaa za Afrika ulikuwa umekwisha kuingia katika filamu hiyo bila kutajwa.

Mwaka 1981 alionyesha upande wake mwingine, wa ucheshi, katika filamu ya televisheni Un dessert pour Constance, iliyotokana na hadithi ya Daniel Boulanger. Wafagiaji wawili Waafrika wa mitaa ya Paris wanaokota kitabu cha zamani cha mapishi ya Kifaransa, wanakikariri, kisha wanaingia katika shindano la televisheni ili wapate nauli ya kumrudisha kwao rafiki yao mgonjwa. Wafaransa waliozoea kutowaona wafagiaji wao wanajikuta wakifundishwa nao mapishi ya mababu zao.

Heshima na urithi

Serikali ya Ufaransa ilimpa nishani ya Ordre national du Mérite mwaka 2011. Alifariki 13 Aprili 2020, akiwa na umri wa miaka 90, kwa ugonjwa wa korona, katika wiki ambazo mazishi yalikuwa yakifanyika karibu bila watu. Kuanzia Novemba 2021 jumba la sanaa la Palais de Tokyo mjini Paris lilifanya maonyesho makubwa juu ya maisha na kazi zake. Mwaka huo huo nakala iliyokarabatiwa ya Sambizanga ilitolewa na mradi wa World Cinema Project wa taasisi ya Martin Scorsese pamoja na maabara ya Cineteca di Bologna ya Italia. Annouchka de Andrade anaongoza kazi ya kukusanya na kukarabati filamu za mama yake, ambazo zilitawanyika katika maghala ya mashirika na televisheni za nchi mbalimbali.