Mabaka ya Upara kwa Vijana

Kijana akitokwa na baka la upara, jirani wa kwanza husema ni mapunye. Huenda ni kweli, huenda siyo. Cha kutazama kwanza ni ngozi iliyo ndani ya baka.

Ngozi yenye magamba, muwasho na vishina vya nywele zilizokatika huashiria mapunye, yaani fangasi wa kichwani. Huwashika zaidi watoto wa shule ya msingi, ila kijana naye hasalimiki, hasa akinyolewa kwa mashine isiyosafishwa. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa sababu fangasi wamejichimbia ndani ya unywele. Hutakiwa griseofulvini au terbinafini ya kumeza kwa wiki kadhaa. Krimu za dukani zenye steroidi ndizo zinazoponza wengi: hutuliza wekundu huku fangasi wakisambaa.

Baka la mviringo, laini, lisilo na magamba wala kovu, tena lililozuka ghafla, kwa kawaida ni alopesia areata. Hapa kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele. Haiambukizi, na takriban watu 2 kati ya 100 huipata maishani. Kucha zinaweza kuwa na vishimo vidogo. Kwa kuwa shina halifi, nywele zaweza kurudi hata baada ya miaka, mara nyingi zikianza nyeupe.

Upara wa kwenye paji la uso na kandokando ya masikio hutokana na misuko ya kubana. Misuko ikilegezwa mapema nywele huota. Upara ukipuuzwa huacha kovu. Wapo pia wanaojing'oa nywele wenyewe. Baka lao halina umbo maalumu, na nywele zake hupishana urefu. Hawa wahitaji mshauri wa saikolojia. Kuwakaripia huwafunza kuficha tu.

Alopesia areata yenye mabaka machache mara nyingi hupona yenyewe ndani ya mwaka. Isipopona, daktari wa ngozi hutoa steroidi kali ya kupaka, au sindano za triamsinoloni ndani ya baka kila baada ya wiki 4 hadi 6. Kwa upara mkubwa, mwaka 2023 Marekani iliidhinisha vidonge vya ritlecitinib kuanzia umri wa miaka 12. Hupunguza nguvu za kinga, hivyo mgonjwa hupimwa kwanza kifua kikuu, na akiviacha nywele zaweza kunyonyoka tena.