Kifungu 702: Hivi Ndivyo Marekani Inaweza Kusoma Barua Pepe Yako Bila Waranti

Uko zako Umoja ama Githurai, umetuma barua pepe kwa Gmail, umeweka simu kando. Kampuni iliyobeba hiyo meseji ni ya Marekani, na kwa sheria ya Marekani wewe ni mgeni aliye nje. Hapo ndipo noma inaanzia.

Kifungu 702 kiliongezwa mwaka 2008 kwa FISA, sheria ya ujasusi ya 1978. Kinaruhusu NSA kumlenga msee yeyote asiye Mmarekani na hayuko Marekani, alafu kampuni kama Google na Microsoft zinalazimishwa kutoa mawasiliano yake. Na si lazima ukuwe gaidi. Inatosha wakiona uko na habari ya maana kwa ujasusi, na hiyo inajumuisha mambo ya uhusiano wa Marekani na nchi zingine. Karani wa wizara anaweza kuingia hapo. Mwanahabari pia.

Jaji yuko, lakini si vile unafikiria. Mahakama ya FISA, ambayo hukaa kwa siri, hupitisha utaratibu mzima mara moja kwa mwaka. Jina lako halifiki mezani kwake. Mwaka 2023 waliolengwa walikuwa zaidi ya 200,000.

Kwani waranti ni ngumu aje? Wao hurudi kwa kesi ya Verdugo-Urquidez ya 1990, Mmexico ambaye nyumba zake huko Mexico zilipekuliwa bila waranti. Mahakama ya Juu ilisema ulinzi wa Katiba yao dhidi ya upekuzi haufiki kwa mali ya mgeni iliyo nje. Pia wanasema majaji watalemewa, na gaidi hangoji makaratasi. Hiyo ya mwisho ina uzito, tusidanganyane.

Lakini cheki hii. Aprili 2024 Bunge la Wawakilishi lilipigia kura suala la waranti: 212 kwa 212, ikaanguka. Na hata hiyo ilikuwa ya kulinda Wamarekani pekee, meseji zao zikinaswa wakibonga na sisi. Sisi hatukuwa kwa mjadala.

Na usidhani Kenya iko mbali na hii stori. Mwaka 2014 The Intercept iliripoti, kutoka kwa nyaraka za Edward Snowden, kuwa NSA ilikuwa inakusanya rekodi za simu za Kenya kupitia MYSTIC, mradi tofauti na 702. Katiba yetu, Kifungu 31, inalinda faragha ya kila mtu, lakini haina meno kule Maryland kwenye makao ya NSA.

Ujerumani imeonyesha inawezekana. Mei 2020 mahakama yao ya katiba iliamua kuwa majasusi wa BND lazima waheshimu siri ya mawasiliano hata ya wageni walio nje, na wawe na wasimamizi huru. Haikudai waranti kwa kila jina, na BND haikufunga duka.

Marekani nayo iliunda njia ya malalamishi mwaka 2022, lakini ni ya watu wa nchi ilizochagua, kama za Umoja wa Ulaya na Uingereza. Kenya haimo.