Usanifu: Neno Tuliloazima kwa Wajenzi

Sisi waandika programu husema "usanifu" kana kwamba neno ni letu. Tuliliazima kwa wajenzi. Leo tuangalie tuliazima nini, na nini tulikisahau njiani.

Mwaka 1977 Christopher Alexander, msanifu majengo aliyefundisha Berkeley, Marekani, alitoa pamoja na wenzake kitabu A Pattern Language. Kina ruwaza 253, yaani suluhisho za matatizo yanayojirudia. Mfano: chumba kipate mwanga kutoka pande mbili, maana chenye mwanga wa upande mmoja watu hukikwepa. Nia yake ilikuwa mwenye nyumba aweze kuisanifu mwenyewe.

Mwaka 1987 Kent Beck na Ward Cunningham walieleza jinsi walivyolijaribu wazo hilo. Waliwapa watumiaji ruwaza tano tu, nao wakajipangia madirisha ya programu yao. Ikafaulu!

Kisha mwaka 1994 kikaja Design Patterns, chenye ruwaza 23. Kitabu kizuri, kimenisaidia sana. Lakini ruwaza zake ni za mwandika programu, mtumiaji hayumo. Mwaka 1996 Alexander alialikwa kuwahutubia wanaprogramu huko San Jose, akawauliza: je, kazi yenu inaboresha maisha ya watu?

Mpangaji akichoshwa na nyumba, huhama. Karani aliyeletewa programu mbaya kazini atahamia wapi? Basi, kabla hujachora chochote, keti kwanza na atakayeishi humo.