Opera Inavyofanywa Kuwa ya Taifa: Smetana na Wacheki, 1861–1883

Historia za muziki wa Ulaya wa karne ya 19 hupenda kugawana watunzi kama zinavyogawana ramani: Chopin ni wa Poland, Liszt wa Hungaria, Grieg wa Norwei, Glinka wa Urusi, Smetana wa Bohemia. Kila taifa hudhaniwa kuwa lilikuwa na sauti yake iliyojificha vijijini, katika nyimbo za wakulima, na kazi ya mtunzi ilikuwa kuichukua sauti hiyo na kuipandisha jukwaani. Dhana hii haikuzuka hivi hivi. Mwanafalsafa Mjerumani Johann Gottfried Herder, aliyechapisha mkusanyo wake wa nyimbo za watu wa mataifa mbalimbali mwaka 1778 na 1779, alifundisha kwamba roho ya taifa hukaa katika lugha na nyimbo za watu wa kawaida. Kizazi cha ulimbwende kiliyapokea mafundisho hayo kwa mikono miwili, na waandishi wa baadaye wakayageuza kuwa maelezo ya kihistoria. Makala hii inadai kwamba maelezo hayo yanaanzia mwisho. Utaifa wa opera na simfonia za karne ile haukuchipuka kutoka kwenye mahadhi. Ulijengwa na lugha iliyoimbwa, jumba lililofunguliwa, tuzo iliyotangazwa na hadhira iliyojitambua ndani ya ukumbi, na fani zilizotumika zilikuwa mali ya Ulaya nzima. Bedřich Smetana ndiye kipimo kizuri cha dai hili, kwa kuwa ndiye anayetajwa daima kama baba wa muziki wa Kicheki.

Smetana alizaliwa mwaka 1824 mjini Litomyšl, wakati Bohemia ilikuwa sehemu ya Milki ya Austria. Alisomeshwa kwa Kijerumani, akaandika barua na shajara zake kwa Kijerumani, na alikuwa amekaribia miaka arobaini alipoanza kujifunza kwa bidii kuandika Kicheki sanifu. Kuanzia mwaka 1856 alifanya kazi Göteborg, nchini Sweden. Kilichomrudisha Praha ni mabadiliko ya kisiasa. Baada ya Austria kushindwa vitani Italia mwaka 1859, Kaisari Franz Joseph alilazimika kulegeza kamba, na hati yake ya Oktoba 1860 iliwapa Wacheki nafasi ya kudai taasisi zao. Mwaka 1861 kabaila Jan Harrach alitangaza tuzo kwa opera za Kicheki, moja ya kihistoria na nyingine ya vichekesho kuhusu maisha ya watu. Tarehe 18 Novemba 1862 Ukumbi wa Muda ulifunguliwa mjini Praha kwa maonyesho ya Kicheki. Opera ya kwanza ya Smetana, Braniboři v Čechách, yaani Wabrandenburg katika Bohemia, ilionyeshwa Januari 1866 na ikatwaa tuzo ya Harrach. Mpangilio wa matukio haya una uzito wake: jukwaa, fedha na haja ya kisiasa vilikuwapo kabla ya opera yenyewe kukamilika.

Swali la fani lilizuka mara moja. Mwanasiasa František Ladislav Rieger alishikilia kwamba opera ya vichekesho ya Kicheki haina budi kujengwa juu ya nyimbo za wakulima. Smetana alipinga, akiona kwamba njia hiyo ingezaa lundo la nyimbo zilizoshonwa pamoja, wala si tungo lenye umoja. Jibu lake la vitendo ni Prodaná nevěsta, yaani Bi Harusi Aliyeuzwa, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1866. Ukiivua mavazi ya kijiji, mifupa yake ni ya Mozart na ya opera ya vichekesho ya Kifaransa: dibaji ya okestra, nyimbo za mtu mmoja mmoja, nyimbo za wawili, hitimisho la pamoja, na katikati mazungumzo ya kawaida yasiyoimbwa. Dansi zinazotajwa leo kama moyo wa Ucheki wake, polka na furiant, hazikuwamo siku ya kwanza. Smetana aliziongeza mwaka 1869. Mazungumzo yaligeuzwa kuwa maimbo mwaka 1870, ndipo opera ikapata sura tunayoijua. Polka yenyewe, ijapokuwa asili yake ni Bohemia ya miaka ya 1830, ilikuwa imeshachezwa kwa kishindo kumbi za Paris tangu miaka ya 1840. Furiant ina upekee zaidi: mapigo sita huhesabiwa mara tatu kwa mawili mawili, kisha mengine sita mara mbili kwa matatu matatu, hata mchezaji asiyeizoea akapoteza hatua. Hata hivyo, mdundo huo umewekwa ndani ya okestra iliyopangwa kwa ustadi uleule uliofundishwa Vienna na Leipzig.

Kama utaifa ungekuwa umo ndani ya noti, hadhira ya Praha ingeutambua siku ileile. Haikuwa hivyo. Onyesho la kwanza lilifanyika siku ya joto kali, vita na Prussia vikinukia, na viti vingi vikabaki vitupu. Baada ya maonyesho mawili opera iliondolewa. Ilisahihishwa, ikarudishwa, ikazoeleka kidogo kidogo, na kufikia Mei 1882 ilisherehekewa kwa onyesho lake la mia moja. Mwaka 1892 wasanii wa Praha waliipeleka kwenye maonyesho makubwa ya muziki na tamthilia mjini Vienna, na ni hapo ilipoanza kuenea katika majukwaa ya nje. Italia inatoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Kwaya ya watumwa Waebrania katika Nabucco ya Verdi husimuliwa kama cheche ya uzalendo iliyowaka La Scala tarehe 9 Machi 1842. Mwanahistoria Roger Parker alipochunguza habari zilizoandikwa wakati ule alikuta kwamba kipande ambacho hadhira ilitaka kirudiwe kilikuwa kingine, wimbo wa shukrani ulio karibu na mwisho. Verdi mwenyewe aliiweka opera hiyo wakfu kwa Adelaide, binti wa ukoo wa Habsburg uliokuwa ukiitawala Milano. Jina la Verdi lilikuja kutumika kama kaulimbiu ya kificho ya kumuunga mkono Mfalme Vittorio Emanuele miaka ya 1858 na 1859, na simulizi la mwaka 1842 likapakwa rangi ya matukio hayo ya baadaye.

Mtu anaweza kudhani kwamba muziki wa okestra usio na maneno ndio unaobeba taifa kwa sauti tupu. Má vlast, yaani Nchi Yangu, mfululizo wa vipande sita alioutunga Smetana kati ya mwaka 1874 na 1879 huku akiwa kiziwi, unaonyesha vingine. Umbo lake ni shairi la kisimfonia, utanzu uliobuniwa na Liszt. Katika Vltava, kipande kilichopewa jina la mto, filimbi huanza kama kijito, klarineti hujiunga kama kijito cha pili, kisha ala za nyuzi hupokea mahadhi makuu yanayopanda ngazi ya sauti hatua kwa hatua na kushuka taratibu. Mto unapita penye wawindaji, arusi ya kijijini inayochezewa polka, usiku wa mbalamwezi na maporomoko, hadi ngome ya Vyšehrad. Mahadhi hayo yanafanana na wimbo wa Kiitalia wa takriban mwaka 1600 uitwao La Mantovana, ambao ndugu zake husikika katika nchi nyingi za Ulaya. Anayeufanya mto huo kuwa wa Kicheki ni msikilizaji aliyekwisha kuambiwa jina lake. Katika vipande vya Tábor na Blaník, ambamo Smetana alitumia waziwazi wimbo wa kale, wimbo wenyewe ni ule wa wapiganaji wafuasi wa Jan Hus wa karne ya 15. Ni kumbukumbu ya vita vya kidini na kisiasa, na nguvu yake hutegemea kuijua historia hiyo.

Pingamizi la kwanza linasema kwamba alama za kitaifa zipo na masikio huzitambua: mkazo wa mazurka, noti ya nne iliyopandishwa, besi inayovuma kama zumari la mchungaji. Ni kweli zipo. Lakini Carl Dahlhaus, mwanahistoria wa muziki wa Kijerumani, alikwisha kuonyesha kwamba besi hiyo na noti hiyo hutokea kwa Chopin na kwa Grieg pia, na kwamba zinahesabiwa za Kipolandi au za Kinorwei kwa makubaliano ya watunzi na hadhira. Liszt anathibitisha jambo hilo. Rapsodia zake za Kihungaria zilitegemea muziki uliopigwa mijini na bendi za Waroma, ambao sehemu yake ilitungwa na watu wanaojulikana kwa majina. Liszt alipochapisha kitabu mwaka 1859 akidai muziki huo ni mali ya Waroma, Wahungaria wengi walikasirika. Watunzi wa Kihungaria Bartók na Kodály walipoanza kurekodi nyimbo za wakulima mwanzoni mwa karne ya 20, walikuta muziki wa namna nyingine kabisa. Kwa miaka hamsini, basi, Ulaya ilikuwa imeitambua Hungaria kwa sauti ambayo mkulima wa Hungaria hakuwa ameizoea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: lugha ina mdundo wake, na mdundo huo huingia kwenye wimbo. Kicheki huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, na mtunzi anayeimbisha Kicheki hulazimika kuutii. Hoja hii ni sahihi kwa Mussorgsky katika Urusi na kwa Janáček baadaye. Kwa Smetana inageuka dhidi ya walioileta. Wataalamu wamebaini kwamba katika opera zake za mwanzo, pamoja na Prodaná nevěsta, mikazo huanguka mahali pasipostahili mara nyingi, kwa sababu sikio lake lilikuwa limelelewa kwa Kijerumani. Matini ya Dalibor na ya Libuše, opera mbili zilizokusudiwa kuwa nguzo za taifa, yaliandikwa na Josef Wenzig kwa Kijerumani, kisha Ervín Špindler akayatafsiri kwa Kicheki. Yote hayo hayakuzuia opera hizo kupokewa kama za Kicheki, kwa kuwa ziliimbwa kwa Kicheki mbele ya watu waliokuwa wakipigania haki ya kukisikia jukwaani.

Mpinzani wa tatu atauliza: je, basi utaifa huo ni uongo? Hapana. Tarehe 16 Mei 1868 jiwe la msingi la Ukumbi wa Taifa liliwekwa Praha, na jioni hiyo Dalibor ikaonyeshwa mara ya kwanza. Ukumbi ulifunguliwa Juni 1881 kwa Libuše, ukateketea kwa moto Agosti mwaka huohuo, watu wakachanga tena, na Novemba 1883 ukafunguliwa upya kwa opera ileile. Juu ya jukwaa pameandikwa kwamba taifa limejijengea lenyewe. Mchango wa aina hiyo hautolewi kwa ajili ya njozi. Kilicho cha uongo ni desturi ya kuwaita Wacheki na Wanorwei watunzi wa kitaifa huku Wajerumani wakiachiwa cheo cha watunzi wa ulimwengu. Die Meistersinger ya Wagner, iliyoonyeshwa mwaka huohuo wa 1868, humalizika kwa sifa za sanaa ya Kijerumani zilizotamkwa bila kificho. Tena soko la Ujerumani lenyewe liliutafuta utaifa wa wengine: Dansi za Kislavoni za mtunzi Mcheki Dvořák, za mwaka 1878, ziliagizwa na mchapishaji wa Berlin, Simrock, aliyekwisha kuona jinsi Dansi za Kihungaria za Brahms zilivyouzika.

Kwa hiyo mwanafunzi wa muziki wa karne ya 19 asianze kwa kuuliza mahadhi yalitoka kijiji gani. Aulize nani alitoa tuzo, jumba lilikuwa la nani, waimbaji waliimba kwa lugha gani, na kwa nini opera iliyoangushwa mwaka 1866 ilishangiliwa mwaka 1882 na watu walewale wa Praha. Majibu ya maswali hayo yamo katika kumbukumbu za kumbi, magazeti na vyama vya michango, na huko ndiko utaifa wa muziki unakopaswa kuchunguzwa.