Kibera na Kawangware: Idadi ya watu na mipaka ya utawala

KIBERA na Kawangware ni mitaa ya Nairobi ambayo aghalabu hutajwa kwa pamoja, ilhali kila mmoja una mipaka na historia yake.

Kibera iko kusini magharibi mwa jiji. Jina hilo limetokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Wanajeshi Wanubi waliotumikia kikosi cha King's African Rifles waliruhusiwa kuishi huko mwanzoni mwa karne ya 20, na mnamo 2017 serikali iliikabidhi jamii yao hatimiliki ya ekari 288. Kawangware iko magharibi mwa jiji, katika eneo la Dagoretti.

Kabla ya uchaguzi mkuu wa 2013, Nairobi ilikuwa na maeneobunge 8. Kibera ilikuwa sehemu ya Lang'ata, nayo Kawangware sehemu ya Dagoretti. Baada ya Katiba ya 2010 kuidhinishwa, mipaka ilichorwa upya mwaka wa 2012, maeneobunge yakawa 17 na wadi 85.

Eneobunge la Kibra lilipata wadi 5: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Wadi ya Kawangware iliwekwa katika Dagoretti Kaskazini pamoja na Gatina, Kabiro, Kilimani na Kileleshwa. Kwa hivyo, mkazi wa chumba cha mabati na mwenye nyumba ya kifahari Kileleshwa humchagua mbunge mmoja.

Mbali na viongozi hao wa kuchaguliwa, serikali kuu huwakilishwa na naibu kamishna wa kaunti, machifu na manaibu wao. Wakazi nao hutambuana kwa vijiji kama vile Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Mashimoni na Silanga, majina yasiyopatikana katika orodha ya wadi.

Suala lililozua ubishi mkubwa ni idadi ya watu. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba Kibera ina wakazi milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Katika sensa ya 2019, kaunti ndogo ya Kibra, ambayo inajumuisha pia mitaa isiyo ya mabanda, ilikuwa na watu 185,777, idadi ndogo zaidi miongoni mwa kaunti ndogo 11 za Nairobi. Dagoretti ilikuwa na 434,208, na jiji zima 4,397,073.

Tofauti hiyo si jambo dogo. Mipaka ya 2012 ilizingatia wastani wa watu 133,138 kwa kila eneobunge, huku Katiba ikiruhusu miji kuzidi au kupungukiwa na wastani huo kwa asilimia 40. Lau Kibera ingekuwa na watu milioni moja, ingestahili wabunge wasiopungua 6. Vivyo hivyo, anayepanga zahanati, madarasa, vyoo au mabomba ya maji kwa kutegemea makadirio yaliyotiwa chumvi hukosea, sawa na anayewapuuza wakazi ambao huenda hawakuhesabiwa.

Kwa sababu hiyo, kila takwimu ya Kibera au Kawangware inapotolewa, ni muhimu kuuliza kwanza: ni ya mtaa, wadi, eneobunge au kaunti ndogo, na ilikusanywa mwaka gani?