Kesi ya Nyani kwa Ngedere: Historia ya Kompyuta Inayoficha Maradhi Yake

Mtu anaposhuku kwamba kompyuta yake ya nyumbani imeingiwa na programu hasidi, jambo la kwanza analofanya ni kuiuliza kompyuta yenyewe. Hufungua orodha ya programu zinazofanya kazi, hukagua mafaili, huiamuru programu ya kupambana na virusi ipekue diski, kisha huyaamini majibu. Wanafunzi wangu hufanya hivyo kila muhula, nami sioni ajabu. Lakini historia ya maradhi haya inaonyesha kwamba watunzi wa programu hasidi waliutambua mapema mno udhaifu wa uchunguzi wa namna hiyo: anayehojiwa ndiye mtuhumiwa.

Kirusi kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM, kilichoitwa Brain, kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986. Watunzi wake, ndugu wawili Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika ndani yake majina yao, anwani na namba za simu. Kwa hiyo hawakuwa watu wa kujificha, ila kirusi chao kilijificha. Kilikaa katika sehemu ya diski inayosomwa kompyuta inapowashwa, na programu yoyote ilipotaka kuisoma sehemu hiyo, kirusi kiliidaka amri njiani na kutoa nakala safi ya awali iliyowekwa pembeni. Mchunguzi aliona diski nzima isiyo na doa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hila hiyo ilipata jina. Katika mifumo ya Unix, mtumiaji mwenye mamlaka yote huitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mzizi. Wavamizi waliokwisha kuyapata mamlaka hayo walibeba furushi la zana, yaani rutikiti, za kuwawezesha kubaki humo bila kuonekana. Amri ya kuorodhesha mafaili iliondolewa na kuwekwa nyingine iliyoruka mafaili yao. Amri ya kuonyesha programu zinazofanya kazi nayo ikafanyiwa vivyo hivyo. Msimamizi aliuliza maswali sahihi na kujibiwa na mawakala wa mvamizi.

Dawa ilibuniwa upesi, na kwa maoni yangu haijapata kupitwa. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, Gene Kim na Eugene Spafford walitunga Tripwire, programu iliyochukua alama za utambulisho za kila faili muhimu wakati mashine ingali safi. Alama hizo zilihifadhiwa mahali ambapo mvamizi hawezi kuzigusa, kisha zikalinganishwa na hali ya baadaye. Mtumishi wa umma aliyewahi kushiriki ukaguzi wa mali ataielewa mara moja: mkaguzi haridhiki na leja, huingia stoo akahesabu magunia.

Kesi iliyoingiza jambo hili katika nyumba za watu wa kawaida ni ya mwaka 2005, na mshtakiwa wake hakuwa mhuni wa mtandaoni. Mark Russinovich, mtaalamu wa mfumo wa Windows, alikuwa ametunga pamoja na Bryce Cogswell programu iitwayo RootkitRevealer. Kazi yake ilikuwa kuulinganisha ushahidi wa aina mbili: orodha ya mafaili inayotolewa na Windows ikiulizwa kwa njia ya kawaida, na yale yanayoonekana diski ikisomwa moja kwa moja, kipande kwa kipande. Kilichokosekana katika orodha ya kwanza na kuwamo katika ya pili kimefichwa na mtu.

Alipoijaribu katika kompyuta yake mwenyewe, alikuta folda na draiva zilizofichwa. Akagundua kwamba kila kitu ambacho jina lake lilianza kwa herufi $sys$ kilitoweka machoni. Alinakili programu ndogo ya kuandikia, akaipa jina lenye mwanzo huo, nayo ikatoweka. Akafuata nyayo hadi kwenye CD ya muziki ya Sony BMG aliyoinunua kihalali. CD hiyo ilikuwa na programu ya kuzuia kunakili, iitwayo XCP, iliyotungwa na kampuni ya Uingereza ya First 4 Internet. Alipoiondoa kwa mikono, kiendeshi chake cha CD kilitoweka.

Aliyatangaza hayo tarehe 31 Oktoba 2005. Siku chache baadaye mkuu mmoja wa kampuni alihoji redioni kwa nini watu wajali kitu ambacho wengi wao hata hawakijui. Kabla Novemba haijafika katikati, wahalifu wengine walikuwa wakisambaza programu hasidi zenye majina yaliyoanza kwa herufi zilezile, wakijificha chini ya blanketi la kampuni. Chombo cha kuiondoa XCP kilichotolewa na kampuni nacho kilibainika kufungua tundu jipya la kuingilia. CD zikarudishwa, jimbo la Texas likafungua mashtaka.

Kinachonikera zaidi ni ukimya uliotangulia. CD hizo zilikuwa mitaani kwa miezi kadhaa, na programu za kupambana na virusi, ambazo watu huzilipia ada kila mwaka, hazikusema neno. Ukubwa wa maambukizi ulikadiriwa na mtu aliyekuwa nje kabisa: Dan Kaminsky alizihoji seva za majina za intaneti kama zilikumbuka kuulizwa anwani ambazo programu hiyo iliwasiliana nazo, akapata athari zake katika seva zaidi ya nusu milioni.

Anayetaka kuichunguza kompyuta yake leo hufuata njia ileile. Huiwasha kwa flashi iliyotayarishwa katika kompyuta nyingine, akapekua diski wakati mfumo wake umelala, au hutazama katika ruta ni wapi mashine inapeleka data usiku. Shaka ikibaki, hufuta vyote na kuanza upya.

XCP iliingia kupitia huduma ya Windows ya kufungua CD yenyewe inapochomekwa. Mlango huohuo ulitumiwa na virusi vya flashi vilivyotusumbua sana vyuoni na katika maduka ya kudurufu. Microsoft iliufunga kwa flashi katika Windows za zamani kwa sasisho la Februari 2011. Kwa CD, iliuacha wazi.