Madoa kwenye mwasumini: lisome jani kabla ya kununua dawa

Masika yakikolea, hasa mwezi wa Mei, swali ninaloulizwa sana mtaani kwetu hapa Mombasa ni moja: mbona mwasumini wangu unaingia madoa na kupukutisha majani? Anayeuliza mara nyingi ameshatoka dukani na dawa mkononi, na bado hajui mti wake unaumwa nini.

Mimi nina miasumini uani, na maua yake huchukuliwa na kina mama wanaotunga makoja na kufunga vikuba. Kwa hiyo jambo hili si la urembo wa nyumba tu. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, na mti uliopoteza majani hauna nguvu ya kuchipua. Majani yakienda, maua huenda nayo, na mama aliyezoea kuuza jioni hukosa cha kutandaza.

Rai yangu ni hii: mwasumini wenye madoa huhitaji makasi, hewa na maji yanayomwagwa mahali pake kabla ya kuhitaji dawa. Na dawa ikibidi, tukumbuke ua hili linakokwenda. Linakwenda kichwani, kifuani na kwenye kitanda cha bibi harusi.

Ugonjwa au kitu kingine?

Chuma jani, litazame juu na chini.

Madoa ya duara ya rangi ya kahawia, yenye ukingo wa manjano na pengine katikati kijivu, ni kazi ya kuvu. Yakiwa na miviringo mmoja ndani ya mwengine, hiyo pia ni kuvu, ya jamii nyengine. Vipele vya rangi ya machungwa upande wa chini wa jani ni kutu. Vumbi jeupe kama unga, ambalo ukilipangusa kwa kidole linatoka, ni ukungu mweupe.

Masizi meusi juu ya jani ni habari tofauti. Kuvu hiyo huota juu ya maji matamu yanayoachwa na wadudu wanaofyonza utomvu. Ukiona chungu wanapanda na kushuka kwenye shina, watafute wadudu hao chini ya majani. Wapanguse au wapulizie maji ya sabuni laini, na masizi hayataendelea.

Kisha kuna mambo mawili ya hapa kwetu Pwani ambayo si maradhi kabisa. Jani linalokauka kwenye kingo na ncha, katikati likabaki zima, mara nyingi limechomwa na chumvi ya maji ya kisima. Jani jipya linalogeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani limekosa madini ya chuma, kwa sababu udongo wetu wa matumbawe una chokaa nyingi. Hapo dawa ya kuvu ni fedha ya bure. Mwagia maji ya mvua uliyoyakinga, na utie samadi iliyooza vizuri.

Kwa nini huja na mvua

Mbegu za kuvu ya madoa ni ndogo, hazionekani kwa macho. Ili ziote zinahitaji jani libaki na majimaji kwa saa kadhaa. Tone la mvua linalogonga jani bovu lililoanguka chini huzirusha hadi kwenye jani zima la juu. Mti uliosongamana au uliobanwa na ukuta haupiti upepo, na majani hukawia kukauka. Ukungu mweupe una tabia yake: hauhitaji jani kulowa, hutosheka na unyevu wa hewa na kivuli.

Kwa sababu hiyo, kumwagilia kwa mpira juu ya majani jua likizama ni kuiandalia kuvu kitanda cha usiku kucha.

Tiba ya kwanza

Chuma majani yote yenye madoa na uokote yaliyoanguka. Usiyatie kwenye lundo la mbolea. Yachome au yafunge uyatupe. Fanya kazi hii mti ukiwa mkavu, kwani mikono na makasi yaliyolowa hueneza ugonjwa.

Kisha punguza matawi ya ndani yaliyopandana, mpaka uone mwanga upande wa pili. Pangusa makasi kwa spiriti unapotoka mti mmoja kwenda mwengine. Usiogope kukata: mti huu hulipa kwa machipukizi, na machipukizi ndiyo maua.

Maji mwagia asubuhi, shinani. Kwa ukungu mweupe ulioanza karibuni, changanya kikombe kimoja cha maziwa na vikombe tisa vya maji, upulizie asubuhi penye jua, mara moja kwa wiki.

Dawa ikibidi

Ikiwa mvua haikati na madoa yanapanda kwenye majani mapya, tumia dawa ya kuvu yenye kopa. Ijulikane kwamba dawa hii hukinga tu. Doa la zamani halitafutika. Kipimo cha mafanikio ni majani mapya kutoka safi.

Nunua ikiwa ndani ya chombo chake, chenye maelezo na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu na magonjwa ya mimea. Jirani yangu aliwahi kuuziwa unga ndani ya mfuko wa plastiki usio na jina. Muuzaji akamwambia atie "kiasi". Dawa ya namna hiyo usiikubali hata kwa bure. Pima kama chombo kinavyosema, vaa glavu na funika pua na mdomo, na upulizie wakati hakuna upepo, juu na chini ya majani. Maji yaliyobaki usiyamwage mtaroni, kwa maana mitaro yetu huishia baharini na kopa huua samaki.

Kabla ya kupulizia, chuma maua na vitumba vyote. Vitakavyotoka ndani ya muda wa kungoja ulioandikwa kwenye chombo, vitupe. Na wewe unayeuza, mwambie mteja ukweli mti wako ukiwa ndani ya dawa. Siku chache bila mauzo ni bora kuliko bibi harusi kuwashwa shingo usiku wa harusi yake.

Kujikinga mapema

Kazi kubwa ni ya mwezi wa Machi, kaskazi ikimalizika na kabla masika hayajashika. Pogoa, fagia chini ya mti, na utandaze makumbi ya nazi juu ya udongo ili matone yasirushe matope. Yaache mbali kidogo na shina. Unaopanda upya, uweke hatua moja kutoka ukutani na uutambaze kwenye fito zilizoachana, upepo upite. Rudia ukaguzi Oktoba kabla ya vuli. Makasi ya nusu saa mwezi wa Machi yatakuepusha na safari ya dukani mwezi wa Mei.